Rust (mchezo wa kompyuta wa kujenga na kuvamiana): mawe 2,000, nianzie wapi?

mutoto_wa_Himbi (Goma)
Wandugu, nyumba ni ndogo: misingi miwili, kuta tano, fremu mbili za mlango, dari mbili. Yote bado vijiti, ngazi ya chini kabisa. Niko na mawe 2,000 na mbao 1,500. Nipandishe kwanza kwa mbao? Halafu ile ya zamani ilikuwa mawe tupu, wakaitoboa na sururu, bila baruti hata kidogo. Iliwezekana namna gani?

lushi_sururu (Lubumbashi)
Kutoka vijiti unaruka hadi mawe moja kwa moja, mbao si ngazi ya lazima. Msingi 300, ukuta 300, fremu 210, dari 150. Jumla yako 2,820, inapunguka 820.

Anza na misingi, maana ikivunjika vyote vya juu vinaanguka. Kisha kuta nne. Unabaki na mawe 200, na fremu inakukatalia kwa mawe kumi tu 😅. Ukuta wa tano, fremu na dari uzipe mbao 680 kwa sasa. Usiache kijiti hata kimoja: kina uhai 10, hata jiwe la mkononi linatosha.

ibanda243 (Bukavu)
Sururu ni hivi: ukuta wako ulitazama kinyume. Kila ukuta una upande mgumu na upande laini, na laini ukiwa nje, ni kazi ya subira tu. Shika nyundo, uzungushe ndani ya dakika 10 tangu uuweke. Zikipita, uvunje mwenyewe kupitia upande huohuo laini, ujenge upya.

Ila nakuonea wasiwasi mlango kuliko ukuta. Ukuta wa mawe unakula mabegi 10 ya baruti, mlango wa manjanja (bati) unakula manne tu. Wa mbao usiutaje, unawaka moto. Vipande vya chuma vya kwanza, 150 kwa mlango, viende hapo: milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine. Kuta za chuma baadaye.

mutoto_wa_Himbi
Aksanti bayaya. Na umeme ukikatika huku siku mbili, nisiweze kucheza, nyumba itakuwaje?

lushi_sururu
Jaza mapema kabati, lile la kutunza nyumba isioze. Nyumba ikiwa chini ya vipande 15 (misingi, kuta, dari), linakula 10% ya gharama ya ujenzi kila saa 24. Ikiwa yote ni mawe, 282 kwa siku. Tia 850, siku tatu umelala. Sehemu za mbao zinadai mbao zao, mawe hayazilipii. Kabati likikauka, mbao zinaoza kwa saa 3, mawe kwa saa 5.