Gumzo la kikundi cha mtaa: Jumamosi bwaloni, honi marufuku

Mjumbe: Za asubuhi majirani. Tangazo. Jumamosi hii shule zetu mbili, msingi na sekondari, zina michezo ya pamoja kujiandaa na mashindano ya shule, UMITASHUMTA (msingi) na UMISSETA (sekondari). Mpira wa miguu na netiboli uwanja wa msingi kama kawaida, ila mpira wa goli (goalball) wa watoto wa kitengo cha wasioona ni kwenye bwalo la sekondari saa 8 mchana. Njooni tushangilie kwa nguvu.

Mama Rehema: Asante Mjumbe. Ila hapo kwenye kushangilia kwa nguvu futa kwanza 😂 goli halitaki kelele

Dulla Boda: mpira gani huo hautaki kelele, sasa tunaenda msibani au

Mama Rehema: Mdogo wangu Dulla sikiliza, ndani ya ule mpira kuna njuga, sasa watoto wanausikilizia unakotokea ndo wanajirusha chini wanauzuia kwa mwili mzima, mpira wenyewe kilo moja na robo sio mchezo, kila upande watatu tu na goli ni upana wote wa uwanja mita 9, kwahiyo mtu mmoja akikohoa vibaya pale mtoto kashapoteza uelekeo bao limeingia. Likishaingia hapo sawa, piga vigelegele mpaka uzimie

Dulla Boda: na wale wanaoona kidogo si watakuwa wanaibia

Mama Rehema: Wanafungwa macho wote, hata wewe ukitaka kucheza unafungwa. Juzi vijana wa form two wanaoona vizuri kabisa walijitia ujuaji wakafungwa vitambaa wakacheza na hawa wa darasa la sita. Wakapigwa goli mpaka wakaomba poo. Mmoja alikuwa anazuia kule kwenye ukuta mpira unapita kwa nyuma yake 🤣🤣

Anko Fundi: 🤣🤣🤣 huyo ni wangu, amerudi nyumbani goti limevimba na maneno hana

Mwl Mstaafu: Huo mchezo ulianza 1946, waliubuni kwa ajili ya askari waliopofuka kwenye vita kuu ya pili, na kwenye Paralimpiki umeanza kuchezwa kwa medali 1976 kule Toronto. Sio mchezo wa kuonea watu huruma. Ni mchezo.

Dulla Boda: shikamoo mwalimu. Umestaafu ila kipindi hakijaisha

Mwl Mstaafu: Marahaba. Na wewe kipindi hicho hukuhudhuria.

Mama Upendo: Samahani wapendwa natoka kidogo kwenye mada, kuna karatasi imekuja na mtoto elfu mbili ya jezi, inasema atume kwenye namba ya simu, sijui namba ya nani. Mimi sikatai kuchangia lakini elimu si bila ada toka 2016 jamani au nimeota

Mwl Mstaafu: Hujaota. Mchango wa hiari upo, lakini unapitia kamati ya shule, wazazi mkae mkubaliane na mpewe risiti. Mwalimu hatakiwi kushika hela hiyo na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Namba ya simu isiyo na jina msitume kitu.

Mjumbe: Hilo nalichukua, leo jioni namuuliza mwenyekiti wa kamati. Msitume kwanza.

Mama Upendo: Ahsante, maana nilishafika kwa wakala

Anko Fundi: Turudi bwaloni. Mjumbe saa 8 mchana umeiangalia hiyo? Mwezi wa nne huu, na lile bwalo halina dari ni bati tupu

Mama Rehema: Hapo ndo umesema!! Nilikuwa naandika hicho hicho. Wiki iliyopita mvua ilishuka wakiwa katikati ya mazoezi, bati likaanza kupiga, watoto wakasimama tu katikati ya uwanja mikono mbele hawajui mpira uko wapi, mpira wenyewe umefika ukutani zamani na njuga zake hazisikiki. Rehema akaniambia mama leo ndo nimeona giza. Mtoto hajawahi kuona toka azaliwe anasema leo ndo nimeona giza, nilicheka huku machozi yananitoka

Mama Upendo: 🥺🥺

Mwl Mstaafu: Tupeleke asubuhi. Masika ya hapa Moro mvua zake za mchana zinajulikana, milima ya Uluguru ikishajifunika mawingu ujue mna saa moja tu ya kuanua.

Mjumbe: Mwalimu wa michezo wa sekondari amejibu. Goli saa 2 asubuhi, mpira wa miguu ufuate. Netiboli saa 5.

Anko Fundi: safi. mimi Ijumaa jioni nakuja kuweka mistari, ile kamba nyembamba ya katani chini, solotepu juu, mtoto akipapasa kwa kidole au unyayo anajua yupo wapi. Mwenye solotepu pana alete, ile nyembamba inabanduka

Mama Rehema: Mungu akubariki fundi. Nyumbani tunafanya mazoezi na mpira wa kawaida, zamani tulikuwa tunauvisha rambo unachakacha vizuri tu, toka rambo zipigwe marufuku 2019 tunakusanya paketi za krispi tunazifunga na wavu wa vitunguu. Mtaa mzima mkila krispi msitupe paketi

Mama Upendo: Nyingine kwa wanaojua, wa la tano na wa la sita ni kweli wote wanamaliza mwakani?

Mwl Mstaafu: Ni kweli. Walioanza mtaala mpya wakiwa la tatu 2024 wanaishia la sita, na waliowatangulia wanaishia la saba, wote 2027. Kwahiyo Januari 2028 wanaingia kidato cha kwanza kwa mkupuo.

Anko Fundi: Ndo maana nasema lile bwalo tulicheze sasa hivi, 2028 mtakuta limeshagawanywa madarasa

Mama Rehema: Fundi usinitishe, wangu ndo atakuwa mmoja wapo 😩

Mjumbe: Hilo tulipeleke mkutano wa mtaa, halijadiliki humu likaisha. Sasa utaratibu wa ukimya. Dulla ongea na wenzako kijiweni, saa 2 mpaka saa 4 hakuna honi pale geti la sekondari.

Dulla Boda: nimeshawaambia, anayepiga honi anabeba abiria bure siku nzima. Shida ni spika ya Mangi

Mangi Dukani: Nimeona. Nitazima mpaka mechi iishe lakini wachezaji soda mninunulie kwangu, sio mnapita mnaenda kununua mbele

Mama Rehema: Tumekubali Mangi 🙏 wachezaji kumi na mbili, wa akiba wakiwemo, na walimu wao

Bibi wa Kona: Wajukuu hamjambo. Nyumba yangu imepakana na hilo bwalo, na jogoo wangu huwika asubuhi yote, hana saa. Mimi nifanyeje

Dulla Boda: shikamoo bibi. mlete huyo jogoo ijumaa, timu itamkuta kwenye pilau 😋

Bibi wa Kona: Thubutu.