Trello, Drive, Git au Redmine: nani anatunza vizuri matoleo ya ramani na miradi iliyokwisha?

MchoraRamani: Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ni ya watu sita, tunachora ramani za nyumba na kusimamia ujenzi. Wiki iliyopita fundi kasuka nondo za nguzo kwa ramani ya Machi, wakati mteja alishaisogeza nguzo hiyo sentimita 60 mwezi Mei. Karatasi aliyokuwa nayo imekunjwa mara nne ndani ya nailoni, haina tarehe wala namba ya toleo. Kwenye kompyuta nakuta "ramani_mwisho", "ramani_mwisho2" na "ramani_mwisho_kabisa". Kazi tunazipanga Trello, mafaili yako Google Drive. Mnatumia nini kutunza matoleo, na kufunga mradi ukiisha bila kuupoteza?

UbaoWaKazi: Pole sana mkuu. Trello naipenda, ila kwa hili haitoshi. Kadi ukiihifadhi kumbukumbuni inaondoka tu ubaoni, na unaweza kuirudisha wakati wowote. Lakini mafaili hayana matoleo. Ukibandika ramani mpya yenye jina lilelile zinakaa mbili, na mtu aliyeko saiti na simu, jua linamwaka, atafungua ya kwanza kuiona.

DadaWaSaiti: Drive matoleo inayo, wengi hawajui. Usipandishe faili jipya pembeni. Nenda kwenye lile la zamani, fungua usimamizi wa matoleo, pandisha hapo. Kiungo ulichompa fundi hakibadiliki, na kinafungua la karibuni. Ila angalia sana: kwa PDF na DWG (faili la mchoro wa AutoCAD), matoleo ya nyuma yanaweza kufutwa baada ya siku 30 au yakifika 100, usipoyawekea alama ya kutunzwa daima. Ile ya Machi ungeikosa, na mteja akibisha huna ushahidi.

Tawi_Kuu: Git, programu ya kutunza matoleo ambayo waandika programu huitumia, naitumia kila siku, na bado simshauri mchoraji. Ilianza mwaka 2005 kwa ajili ya msimbo (code) wa Linux, yaani maandishi. DWG itaitunza, lakini haitakuonyesha nguzo ipi imesogea, na wawili wakichora faili moja haiwezi kuziunganisha kazi zao. GitHub, tovuti ya kuhifadhi kazi za Git, nayo inakataa faili linalozidi MB 100.

SevaYaOfisi: Sisi tuko Redmine, programu ya kusimamia miradi, ni ya bure, ipo kwenye seva yetu. Kinachonivutia ni kwamba mradi uliofungwa unasomeka ila haubadilishwi, na uliowekwa kumbukumbuni hauonekani kabisa mpaka msimamizi aurudishe. Nyumba ikikabidhiwa tunafunga kwanza, maana mteja bado atapiga simu kuhusu nyufa na mabomba. Kumbukumbuni inaenda baadaye. Kurasa zake za "wiki", yaani za maelezo ambazo timu inaandika pamoja, zinaonyesha nani kabadili nini na lini. Mafaili ndiyo udhaifu wake, kwa hiyo tunaandika namba ya toleo, R0, R1, R2, kwenye jina la faili na kwenye kona ya ramani yenyewe.

DadaWaSaiti: Hapo kwenye kona umenigusa. Mimi simpi fundi R2 mpaka anirudishie R1 mkononi. Naigonga muhuri wa IMEBATILISHWA, naiweka kwenye jalada la mradi.

MchoraRamani: Asanteni sana wakuu. Drive tunabaki nayo, kila ramani iliyosainiwa naiwekea alama ya kutunzwa daima leo hii, na Redmine naijaribu kwa mradi unaofuata. Nondo zinafumuliwa kesho asubuhi. Naenda mwenyewe na ramani yenye R3 kwenye kona, na ile ya kwenye nailoni narudi nayo.