Naomba ushauri: taiga babi wanamaliza mapezi ya wenzao

Habari wakuu, nina tangi la samaki la lita 120 lenye taiga babi 6, wale wa mistari myeusi, wazuri kinoma ila wana fujo balaa. Kutwa wanafukuzana, hilo kwao kawaida maana ndo wanavyopangana nani mkubwa, shida ni samaki wangu mwingine, enjel, yale mapezi yake marefu wanayanyofoa mpaka yamebaki vipande na sasa kajibanza tu nyuma ya filta hata kula hali. Nshamtoa nikamweka kwenye tangi dogo apone, kwa hao taiga babi harudi tena.

Sasa naambiwa wakiwa wachache ndo wanasumbua zaidi, inatakiwa wawe 8 au 10 hivi ili ugomvi wamalizane wenyewe kwa wenyewe, je kwa lita 120 niongeze wafike 10 au maji yatakuwa yanachafuka haraka? Halafu chini nataka niweke koridorasi, wale wa kuokota mabaki mchangani, watapona kweli? Gapi hapana, ile mikia ni kuwatafutia kifo tu. Danio nao wana mbio, nahisi watahimili.

Mwenye uzoefu aseme kachanganya na nini wakaelewana, na joto mnaweka ngapi, mi niko nyuzi 25.