Corolla KE70 haitulii bila choki: ni gasketi ya hedi au ni kabureta?

Mwana wa Likoni:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Ninalo gari aina ya Toyota Corolla KE70 la mwaka 1982, lenye injini ya 4K, ambalo marehemu baba aliniachia na ambalo hadi leo ndilo linalonivusha kwenda kazini mjini. Tangu miezi miwili iliyopita, kila ninapoondoa mguu kwenye mafuta, injini hupanda na kushuka, hutetemeka, kisha huzima. Nikivuta choki kidogo hutulia, hata kama nimeshatoka Ukunda na injini imepata moto wa kutosha. Wiki iliyopita ilinizimia mlangoni mwa feri, na wavukaji wa miguu ndio walionisukuma hadi nikatoka njiani.

Nimezitoa plagi zote nne na nimezikuta nyeupe kama chokaa. Aidha, rejeta inapungua maji kiasi cha nusu lita kila baada ya siku tatu. Fundi aliyeifungua na kuifunga kabureta (chombo kinachochanganya hewa na petroli) kabla ya tatizo hili kuanza anasema gasketi ya hedi, yaani kizibo kilicho kati ya kichwa cha injini na bloku, imeungua, na anataka kuishusha hedi. Mimi ningependa kuifanya kazi hiyo mwenyewe nyumbani. Ninazo spana, bisibisi na fila geji (nyembe za chuma za kupimia nafasi nyembamba), ila sina spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Je, nianzie wapi?

Mzee wa Tudor:

Waaleikumu salaam, mwanangu. Anza kwa kutoigusa hedi. Jibu umeliandika mwenyewe pale uliposema kwamba choki inaituliza injini iliyokwisha kupata moto. Choki inaziba hewa na kuongeza mafuta. Kwa hiyo, injini inayoitaka choki ikiwa moto inakuambia kwamba hewa ni nyingi na mafuta ni machache, na plagi zako nyeupe zinasema neno hilo hilo. Gasketi ya hedi iliyoungua haiponywi na choki.

Sasa, hewa hiyo inaingia baada ya kabureta, au njia ya mafuta ya mwendo wa chini, yaani wakati hukanyagi mafuta, imeziba. Injini ikiwa inanguruma, na umeshikilia choki kidogo ili isizime, chukua chupa ya kunyunyizia, tia maji yenye sabuni, na unyunyize kidogo kidogo kuzunguka kitako cha kabureta, pale penye kile kipande cheusi cha bakelaiti chenye gasketi moja juu na nyingine chini. Sauti ya injini ikibadilika wakati maji yanapopagusa mahali fulani, hapo ndipo inapovuta hewa. Kisha fuata maungio ya manifoldi, yale mabomba yanayoingiza hewa na kutoa moshi kwenye hedi. Katika 4K, manifoldi ya hewa na ile ya moshi ziko upande mmoja na hutumia gasketi moja, kwa hiyo joto la moshi huzilegeza nati zake polepole. Lakini usimwage maji mengi hapo, kwa sababu chuma cha manifoldi ya moshi kikiwa moto kinaweza kupasuka. Bana pia ule mpira unaokwenda kwenye silinda ya kusaidia breki, usikilize kama injini itatulia. Wapo vijana wanaonyunyiza petroli badala ya maji, nami nimeshuhudia boneti moja iliyobabuka rangi kwa ujanja huo.

Kabla ya kufungua chochote, washa swichi bila kuwasha injini na usikilize kisolenoidi (kivalvu cha umeme) kilicho ubavuni mwa kabureta. Kinapaswa kulia "tik". Kisipolia, njia ya mafuta ya mwendo wa chini haifunguki, na injini itazima kila unapoachia mafuta hata kama gasketi zote ni mpya.

Ukikuta ni kitako, itoe kabureta, huku kila mpira umeutia alama, na uzibe mdomo wa manifoldi kwa kitambaa safi ili nati isitumbukie humo. Kwangua gasketi ya zamani kwa kipande cha mbao, usitumie bisibisi, kwa maana alumini huchubuka upesi. Weka rula ya chuma juu ya uso wa kitako na uimulike kwa tochi kutoka nyuma. Mwanga ukipenya katikati, kitako kimepinda, na mara nyingi waliokipinda ni wale wanaodhani kwamba nati ikikazwa zaidi ndivyo inavyoziba zaidi.

Gasketi unaweza kuikata mwenyewe. Nunua karatasi ya gasketi kwenye maduka ya spea, paka oili kidogo sana kwenye uso wa kitako, igandamize karatasi ili alama ibaki, kisha kata kwa wembe. Matundu ya bolti yatoboe kwa kipande cha bomba kilichonolewa. Usiigonge karatasi kwa nyundo ikiwa juu ya kabureta, ingawa utawaona mafundi wengi wakifanya hivyo. Unapofunga, kaza kwa mkingamo, zamu kwa zamu.

Chuma Hakiozi:

Ninakubaliana na Mzee kuhusu choki, lakini nusu lita ya maji kwa siku tatu lazima iwe na pa kwenda, na gari moja linaweza kuwa na maradhi mawili. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, washa, na utazame. Mapovu machache ya mwanzo si hoja. Mapovu yasiyokoma, yanayoongezeka ukikanyaga mafuta, ni hewa ya silinda inayopenya kwenye maji. Azima pia kipimo cha kompreshoni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, shuku gasketi iliyoungua kati yake.

Usitishwe na povu la rangi ya chai ya maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake. Kwa unyevu wa Pwani na safari fupi, mvuke huganda hapo hata kwenye injini nzima. Tazama kijiti cha oili. Rangi hiyo ikiwa hapo, basi maji yameingia kweli.

Vilevile ningependa kujua ni maji gani unayotia. Kama ni ya kisima, acha leo. Hedi ya 4K ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, na maji ya chumvi ya visima vyetu huila alumini kwenye njia za maji mpaka gasketi mpya inakosa pa kukalia. Ikilazimu kuishusha hedi, iache ipoe kwanza, legeza bolti kuanzia za pembeni kuelekea katikati kwa zamu kadhaa, na unapofunga anza katikati kwenda pembeni. Pima unyoofu wake kwa rula na fila geji. Mimi wembe wa milimita 0.05 ukipita chini ya rula, huipeleka hedi ikapigwe skimu, yaani uso wake uchongwe unyooke. Na spana ya kupimia nguvu uiazime, usikadirie kwa mkono.

Binti wa Changamwe:

Nina mambo mawili tu. Kaka, tafadhali mwulize huyo fundi kama alitumia silikoni. Silikoni ya kawaida ya dukani haivumilii petroli. Huvimba, hulainika, kisha hukatika vipande vinavyoingia ndani ya kabureta. Jeti (kile kijitundu cha shaba kinachopima mafuta) ikiziba, ipulize kwa pampu ya upepo. Usiichokonoe kwa waya, kwa kuwa shaba ni laini, na tundu lililokwaruzwa hupitisha mafuta zaidi ya kipimo.

La pili, kama watakushauri ununue kabureta kuukuu iliyotoka Nairobi, ujue kwamba kule ni juu, zaidi ya mita 1600, na hewa ni nyepesi. Kabureta iliyopunguziwa mafuta ili ifae kule, ikiletwa huku usawa wa bahari huwa na mafuta machache mno, na utarudi kwenye plagi zile zile nyeupe.

Mwana wa Likoni:

Nimerejea, na ninawashukuru nyote. Solenoidi ililia. Nilipoyanyunyiza maji ya sabuni kwenye kitako cha kabureta upande wa nyuma, injini ilitulia mara moja kama sekunde mbili, kisha ikaanza tena. Nimeitoa kabureta na nimekuta gasketi ya chini haipo kabisa. Mahali pake pamepakwa silikoni nyekundu. Uzi mmoja mwekundu, mwembamba kama unywele, ulikuwa umeshajipenyeza kwenye jeti ya mwendo wa chini, na nimeutoa kwa upepo.

Kitako kilikuwa kimepinda kidogo. Nimebandika msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, nikakisugua kwa kukizungusha polepole mpaka uso wote ukang'aa sawasawa, jambo lililonichukua takriban saa moja. Gasketi nimezikata mbili. Skrubu ya mchanganyiko niliikaza taratibu hadi mwisho wake, nikairudisha nyuma mizunguko miwili na nusu ili nipate pa kuanzia, kisha nikarekebisha kwa sikio. Kiwango cha mafuta kimesimama katikati ya kile kidirisha cha kioo cha kabureta, na choki siigusi tena ila asubuhi.

Kuhusu maji, ndugu Chuma Hakiozi, mapovu hayakuonekana, na kijiti cha oili ni safi. Kilichokuwa kikivuja ni mpira wa chini wa rejeta, ambao umepasuka pale unapobanwa na klipu. Maji yalikuwa yakikaukia kwenye chuma kabla ya kufika chini. Ninakiri kwamba maji yalikuwa ya kisima. Jumamosi nitabadilisha mpira huo, niisafishe rejeta yote, na nizikaze tena nati za manifoldi injini ikiwa baridi. Mzee wa Tudor, nikiona gasketi ya manifoldi nayo imechoka, je, ni lazima niziteremshe manifoldi zote mbili pamoja, au ninaweza kuitenganisha ile ya moshi kwanza?

Mzee wa Tudor:

Ziteremshe zikiwa zimeshikana, mwanangu. Zile bolti zinazoziunga zimepikwa kwa miaka arobaini, na moja ikikatikia ndani itakubidi kuitoboa. Zipake mafuta ya kulegeza kutu tangu Ijumaa usiku.