Kaka ana skizofrenia, je wanangu watarithi?

Binti wa Makorora:
Shikamooni wakubwa. Nimeposwa na kijana wa Pangani, mahari tumeshakubaliana. Sasa shangazi yake kaja juu, eti ukoo wetu una wazimu wa damu. Kisa ni kaka yangu. Aliugua skizofrenia, ugonjwa wa akili, akiwa kidato cha sita: halali, anaziba tundu la kitasa kwa karatasi, anasema majirani wanamsikiliza. Leo anachomwa sindano kila mwezi na anatengeneza baiskeli Ngamiani, barabara ya 12. Ringi iliyopinda anainyoosha kwa jicho tu, na watu wanampangia foleni. Sisi wengine wote wazima. Anayejua anisaidie: watoto nitakaowazaa wamo hatarini?

Nesi Mstaafu:
Marahaba mwanangu, hongera kwa posa. Nimeuguza wagonjwa wa akili muda mrefu. Damu inahusika, tusidanganyane. Ila hakuna kinasaba kimoja, yaani chembe ya urithi, cha skizofrenia. Utafiti mkubwa wa 2022 ulikuta sehemu 287 za vinasaba zinazohusika, na nyingi huongeza hatari kidogo mno. Kwa watu wote, huugua kama 1 kati ya 100. Mwenye mjomba mgonjwa, kama watakavyokuwa wanao, ni 2 au 3. Mwenye mzazi mgonjwa ndiyo hufika 10 hivi. Hata pacha wa kufanana kabisa akiugua, zaidi ya nusu wenzao hubaki wazima. Huyo shangazi aelezwe kwa heshima, lakini aelezwe.

Mdigo wa Duga:
Mbona mdogo wangu kaugua na kwetu hajawahi kuugua mtu?

Nesi Mstaafu:
Ndivyo ilivyo kwa wagonjwa walio wengi, kaka. Pengine mtoto huzaliwa amepungukiwa kipande cha kromosomu ya 22 (mojawapo ya nyuzi zinazobeba vinasaba) ambacho baba na mama wanacho kamili. Katika hao, kama robo hupata ugonjwa huu ukubwani. Halafu kuna uzazi wenye matatizo, na bangi, hasa ikianza utotoni.

Binti wa Makorora:
Asante sana mama. Shangazi anataka nikapimwe damu kwanza.

Nesi Mstaafu:
Hakuna kipimo cha damu cha kusema nani ataugua. Hesabu zilizopo za kukadiria hatari kwa vinasaba zimetokana zaidi na damu za Wazungu, kwetu hazifanyi kazi vizuri. Msipoteze hela. La harusi ni hili: kaka yako alale, ngoma za usiku kucha zisimkeshe, na tarehe ya sindano isipite kwa shughuli.