Kurekodi gitaa la umeme kwenye kompyuta: tundu la laptopu, intafesi au maiki mbele ya amplifaya?

NyuziSita: Wakuu, habari za muda huu. Nina gitaa la umeme, amplifaya ndogo ya mazoezi na laptopu ya Windows. Nataka kurekodi nyumbani bila kukera majirani. Naona njia tatu: kuchomeka gitaa kwenye tundu la maiki la laptopu kwa adapta, kununua intafesi ya USB (kisanduku cha kuingizia sauti kwenye kompyuta), au kuweka maiki mbele ya amplifaya. Mwenye uzoefu anijuze.

FundiMawimbi: Ya kwanza achana nayo. Pikapu za gitaa (sumaku zenye koili zinazonasa mtetemo wa nyuzi) zina impidansi kubwa, yaani ukinzani kwa umeme wa sauti, zinataka kuingia penye omu kama milioni moja. Tundu la laptopu lina maelfu tu, kwa hiyo sauti za juu zinamezwa na gitaa linasikika kama limefunikwa blanketi. Hakuna programu itakayorudisha kisichoingia. Nunua intafesi yenye kitufe au tundu lililoandikwa INST au Hi-Z. Mengine mapambo.

MamaRifu: Mapambo tena, mkuu? Draiva je? Kwenye Windows bila draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti haraka kati ya intafesi na kompyuta) unapiga uzi sasa, sauti inafika baadaye. Bafa, yaani fungu la sauti linalosubiri kuchakatwa, ya sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 3 kuingia, nyingine 3 kutoka, ongeza za kifaa chenyewe. Hapo wengi hawahisi kitu. Weka 1024 uone vidole na masikio yanavyogombana. Sauti ikianza kukatika-katika, panda hadi 256.

Besi_Nzito: Mimi ni wa maiki, siyumbi. Shure SM57 ipo tangu 1965 na bado watu wanaiweka mbele ya spika. Iweke vidole viwili kutoka kwenye kitambaa. Ikielekea katikati ya koni sauti inakuwa kali, ukiisogeza pembeni inalainika na kunenepa. Sentimita mbili tu zinabadilisha mambo kuliko kuzungusha vitufe vya amplifaya. Ila intafesi utaihitaji vilevile.

NyuziSita: Asanteni. Amplifaya ina tundu la hedifoni, naweza kutolea hapo?

FundiMawimbi: Unaweza. Ingiza upande wa LINE, anza na sauti chini kabisa. Lakini tundu la SPIKA usiliguse! Lile linatoa nguvu ya kusukuma spika, utaunguza intafesi. Na wenye amplifaya za vali: usiipige huku spika imechomolewa, transfoma inaweza kufa.

MamaRifu: Kwa hoja ya majirani, rekodi gitaa kavu, yaani bila amplifaya wala efekti, halafu amplifaya iwe ya programu. Neural Amp Modeler ni ya bure. Weka na IR (faili inayoiga sauti) ya kabati la spika, maana distoshoni bila kabati inachoma masikio. Uzuri wa rekodi kavu ni kwamba mwezi ujao ukiichoka ile sauti, unabadilisha amplifaya bila kupiga upya. Tumia biti 24, vilele vya sauti vicheze kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita. Kujaza mita hadi nyekundu hakukupi faida yoyote.

kijana_wa_solo: Mbona mmeruka pedali za efekti zenye USB? Nyingi zinafanya kazi kama intafesi, na efekti zinachakatwa humohumo ndani, kwa hiyo laptopu dhaifu haihemi. Angalia tu kama inatoa na chaneli kavu. Nyingine zinarekodi sauti yenye efekti peke yake, ukiikosea ndiyo imeshaganda.

Besi_Nzito: Hiyo nakubali. Halafu NyuziSita, pikapu zako ni za koili moja, zile zinazonasa mvumo wa umeme? Kama ndiyo, ng'oa chaja ya laptopu, tumia betri, kaa mbali na skrini. Kisha geuka taratibu na gitaa mkononi hadi mvumo upungue.

NyuziSita: Ni koili moja, na mvumo ninao kweli. Basi naenda na intafesi na amplifaya ya programu, programu ya kurekodi ya Reaper ina majaribio ya siku 60. Matundu mangapi, moja au mawili?

FundiMawimbi: Mawili. Kuna siku utataka kugawa waya, kavu huku na maiki ya Besi_Nzito kule, kwa mpigo mmoja. Ukizichanganya, kuza picha ya mawimbi, sogeza ya maiki, inayochelewa kidogo, upande wa kushoto mpaka vilele vilingane na vya kavu. Zikipishana, sauti inakonda.