Waliowahi kufunga nitrasi: solenoidi ilikufanyia nini? Tupeane uzoefu

Fundi wa Grogan (Nairobi)
Wadau, salamu. Leo nimeletewa Subaru, mwenyewe analia nitrasi, ile gesi ya kuongezea injini nguvu, imekufa. Mtungi umejaa, geji inasoma psi 950, ukibonyeza kitufe solenoidi (valvu ya umeme inayofungulia gesi) inagonga kama kawaida. Lakini gari badala ya kuruka inazama na kutoa moshi mweusi. Yaani petroli ya ziada inaingia, nitrasi haifiki.

Nimefungua. Kichujio cha mlangoni kimejaa vinyuzi vyeupe vya ile tepe ya mafundi bomba! Aliyefunga ule mfumo alizungushia kila nati, tepe ikakatika ndani ikasafiri. Halafu anayelaumiwa ni solenoidi. Hebu mwageni yenu, najua humu kuna watu wameona mambo.

Kijana wa Seeb
Sheikh, hiyo tepe ni balaa. Nyuzi za bomba zinapakwa ile dawa ya uji, tena unaacha nyuzi za mwanzo kavu. Nati za koni hazipakwi kitu kabisa.

Lakini nyie wa Nairobi mna raha. Huku Oman adui ni jua. Nitrasi ikipita nyuzijoto 36.4 haikai tena maji ndani ya mtungi, hata uibane vipi, inageuka kitu kimoja tu, si maji si gesi, na presha inapaa. Sasa fikiria mwezi wa Julai, gari imelala juani tangu swala ya Ijumaa, mtungi uko kwenye buti. Siku hiyo geji yangu ilipita 1,300. Tukaenda na vijana pembeni huko kwenye uwanja, nabonyeza: kimya. Solenoidi inanguruma kidogo tu, haifunguki. Jamaa wakaanza kunicheka, huyu anasema nunua koili mpya, yule anasema relei imeungua.

Wallahi hakuna kilichoungua. Presha ya mtungi ndiyo inayoikandamiza plunja, kile kichuma cha ndani kinachoziba tundu, kwenye kiti chake. Koili inapaswa kuinyanyua dhidi ya presha hiyo hiyo. Presha ikizidi, au betri ikiwa chovu, sumaku inashindwa nguvu. Tulipoza mtungi, sindano ikashuka mpaka 1,000, solenoidi ile ile "iliyokufa" ikafanya kazi jioni nzima.

Mzee wa Robo Maili
Taulo la maji juu ya mtungi. Kazi imekwisha.

Kijana wa Seeb
Ndilo nililotumia, mzee wangu.

Pistoni Tatu
Mimi plunja zangu huwa napulizia ile dawa ya kulegeza kutu kila mwezi, zinateleza safi. Mwaka wa ngapi huu sijafungua.

Binti Spana
Weee! Usimdanganye mtu humu. Nitrasi inabeba oksijeni, na mafuta na oksijeni yenye presha hawakai chumba kimoja. Ndani ya solenoidi ya nitrasi hakuingii oili, grisi wala dawa ya kutu. Kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, basi.

Pistoni Tatu
Dada, mbona bado niko hai?

Binti Spana
Hata anayevuka barabara bila kuangalia yuko hai, mpaka siku hiyo.

Mtu wa Houston
Mkuu mwenye uzi umenikumbusha mbali. Kaeni mkao wa kula.

Nina Mustang, niliinunua ikiwa na nitrasi tayari. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuja kututembelea kutoka Dallas, Jumamosi akaomba gari aende nayo kwenye mbio za robo maili. Nikampa, na kabla hajaondoka nikamwonyesha kwa mkono wangu: ukimaliza, funga valvu ya mtungi, halafu toa nitrasi iliyobaki kwenye bomba. Akasema "sawa bro, sawa bro".

Amerudi usiku wa manane, kaegesha nyuma ya gari la mke wangu, kajitupa kwenye sofa. Mtungi hakufunga. Usiku kucha presha yote imezuiwa na kijisili kimoja cha kuzibia ndani ya solenoidi, nacho kumbe kimeshavimba na kupasuka ukingoni. Gesi ikawa inapenya polepole kuingia kwenye manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa, na injini imezimwa, haina pa kwenda.

Asubuhi mama watoto anataka kwenda kanisani, Mustang imemzibia. Akachukua ufunguo aisogeze. Mimi niko bafuni na mswaki mdomoni. Nilichosikia sijawahi kukisikia tena. Natoka mbio: boneti imenyanyuka katikati, manifoldi ya plastiki imekuwa vipande vipande, kimoja kimejichomeka kwenye mlango wa gereji. Mke wangu kashika usukani kwa mikono miwili, hageuki, hasemi. Halafu akasema taratibu, bila kuniangalia: "Kamwamshe ndugu yangu."

Mzee wa Robo Maili
😂😂😂 Kamwamshe ndugu yangu!

Dereva wa Ubungo
Shem aliamka kweli au ilibidi mke aende mwenyewe?

Mtu wa Houston
Aliamshwa na mlio, akawa amejifunika blanketi anasikilizia. Mke masikio yalimzizima mpaka mchana. Kanisani hatukwenda. Jamaa alirudi Dallas bila kuaga.

Pistoni Tatu
Kosa ni lako. Gari ya mbio haiazimishwi, hata kwa baba mkwe.

Nyota ya Pwani
Kosa la nini, na alimfundisha? Mashemeji wa siku hizi wanaharibu halafu wanakuita bro.

Pistoni Tatu
Ulitaka asemeje, "mheshimiwa"?

Fundi wa Grogan (Nairobi)
Jamani turudi kwa solenoidi, tafadhali. Ukoo wa watu tuuwache.

Binti Spana
Hiyo ya Houston ndiyo sababu mimi naogopa zaidi inayovuja kuliko inayogoma. Kupima ni rahisi. Injini imezimwa, fungua bomba linalotoka solenoidi ya nitrasi kwenda kwenye jeti (kijitundu kinachopima nitrasi inayoingia), ncha yake itie kwenye glasi ya maji, kisha fungua mtungi bila kubonyeza kitufe. Ukiona viputo vinatoka, hata kimoja kimoja, sili imekwisha. Zima, funga mtungi, toa presha yote ndipo ushike spana.

Ukiifungua ndani utakuta koili, shina, springi ndogo na plunja. Geuza plunja uangalie sili chini yake: kiti kinaacha alama ya duara. Alama nyembamba, iliyo sawa pande zote, haina neno. Ikiwa imechimbika upande mmoja, au sili imetokeza nje ya mdomo wa plunja, weka mpya.

Na solenoidi ya petroli msiisahau! Gari ikikaa muda mrefu petroli inaacha gundi, plunja inanata. Ukibonyeza, nitrasi inaingia peke yake bila petroli ya kuisindikiza. Hapo pistoni inayeyuka kabla hujabadilisha gia. Nimeshika pistoni yenye tundu la kupitisha kidole, plagi yake haina ncha.

Nyota ya Pwani
Mimi nabadilisha sili zote kila mwaka.

Mzee wa Robo Maili
Kisichovunjika usikiguse. Mafundi wanaua solenoidi nyingi kwa kuzifungua kuliko nitrasi yenyewe.

Dereva wa Ubungo
Samahani wakuu, mimi IST yangu inatumia gesi asilia. Asubuhi solenoidi ya gesi haifunguki, natembelea petroli mpaka nafika Magomeni. Ni sili?

Pistoni Tatu
Kaka, hapa tunaongelea magari ya mbio.

Binti Spana
Muache, solenoidi ni solenoidi. Mkuu, mfumo wako unasubiri maji ya injini yapate moto. Gesi ikitoka kwenye presha ya 200 bar inapoa sana, kipunguza presha kingeganda. Ikichelewa kupita kiasi angalia thamostati, ile inayosaidia maji ya injini yapate moto haraka, halafu fungua kichujio cha gesi uone kama kina mafuta. Kompresa za vituoni huwa zinatema oili.

Dereva wa Ubungo
Thamostati ilitolewa na fundi, akasema haina kazi nchi za joto.

Binti Spana
Jibu umelitoa mwenyewe.

Nyota ya Pwani
Na waya jamani. Koili kubwa inakula zaidi ya ampea 10, mtu anaiunga moja kwa moja kwenye swichi ya taa. Weka relei na fyuzi. Na usijaribu kuishikilia imewaka muda mrefu wakati mtungi umefungwa, nitrasi inayopita ndiyo inayoipoza.

Fundi wa Grogan (Nairobi)
Asanteni. Mwenye Subaru amekubali tutoe mabomba yote tuyapulize. Kijana wa Seeb, sili huko zinapatikana? Hapa naambiwa ninunue solenoidi nzima.

Kijana wa Seeb
Zipo. Nitumie picha ya ubavuni na upime tundu la kiti, maana za petroli na za nitrasi zinafanana kwa sura na si sili moja. Kuna mtu wangu anakuja Nairobi wiki ijayo.